Weka tarehe: namna ya kuyakagua maoni yako ya siasa, habari na michezo

Miaka kumi na mitano sasa ninakagua hesabu za watu. Ninaingia ofisini kwao, ninaomba leja, ninaomba stakabadhi, kisha ninakaa kimya na kulinganisha kilichoandikwa na kilichotendeka. Siku hiyo hakuna anayenipenda, na nimeshazoea. Kilichonichukua muda mrefu kukiona ni kwamba jioni, mbele ya taarifa ya habari, nilikuwa mtu wa aina ileile ninayemtilia shaka mchana. Nilihukumu mawaziri, makocha, bajeti na kadi nyekundu bila stakabadhi hata moja, na matokeo yalipotoka nilisema, "Si nilisema?"

Aliyenikamata ni shemeji yangu, mume wa dada. Ilikuwa Mei 2016, Leicester City wamechukua ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza, nami namweleza kwamba ubingwa ule niliuona tangu Desemba. Akaniangalia. "Shemeji, Desemba uliniambia Januari wataporomoka." Nikakana. Akakazania. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, kwa hiyo tulibishana mpaka dada akatuzimia taa. Asubuhi yake nilichukua daftari la mistari, nikaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, na tangu hapo nikitaka kutoa maoni makubwa juu ya siasa au mpira, kwanza nayaandika. Hapa naeleza ninavyofanya, pamoja na mahali nilipoumbuka.

Daftari lenyewe

Tumia karatasi. Simu inafuta bila kuacha alama, na mtu aliyekosea usiku wa manane anashawishika sana kufuta. Kwenye leja kosa halifutwi: unalipigia mstari mmoja ili liendelee kusomeka, unaandika sahihisho juu yake, unatia sahihi pembeni. Fanya hivyohivyo.

Chora safu tano. Tarehe. Kauli. Uhakika wako kwa asilimia. Siku ya kufunga. Ya mwisho iache tupu, ndiyo ya matokeo.

Kazi ngumu iko kwenye kauli. "Serikali hii imeshindwa" ni hasira, haikaguliki. "Muswada huu hautapitishwa na bunge kabla ya tarehe 30 Juni" inakagulika. "Kocha huyu hajui kitu" haina mwisho. "Timu hii haitamaliza ndani ya nne bora" ina mwisho wake. Kipimo changu ni chepesi: namwazia shemeji na mimi tumekaa siku ile ya kufunga, yeye akiwa na hamu ya kunishinda. Je, tutakubaliana kama jambo limetokea au halijatokea? Kama naona tutaanza kubishana maana ya neno, narudi kuandika upya. Maneno yanayoniponza zaidi ni "wananchi wamechoka", "timu imepoteza mwelekeo" na "mambo yatabadilika". Yanasikika mazito, lakini ukiyakamua hayatoi tone.

Safu ya nne, siku ya kufunga, ndiyo iliyonifundisha mengi, na ndiyo sababu naandika siasa na michezo katika daftari moja. Mpira una dakika 90, una refa, una msimamo wa ligi. Ukisema timu fulani itashinda Jumamosi, Jumamosi usiku unajulikana. Siasa haina filimbi. Ahadi iliyotolewa leo inaweza kuahirishwa, kubadilishwa jina, kukabidhiwa wizara nyingine, na miaka minne baadaye msemaji akatokea akiwa amekunjua uso na kueleza kuwa utekelezaji uko katika hatua nzuri. Na sisi wachambuzi wa sebuleni tunafanya vilevile: tukitabiri anguko la uchumi na lisitokee, tunasema bado linakuja. Kwa hiyo jipulizie filimbi mwenyewe. Andika siku, na siku ikifika funga hesabu hata kama unaamini ungepewa miezi miwili tu ungeshinda. Kila timu iliyofungwa huamini hivyo.

Hata filimbi yenyewe inahitaji tahadhari kidogo. Fainali ya mpira wa kikapu ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Marekani walikuwa mbele kwa 50 dhidi ya 49, sekunde tatu zikiwa zimebaki. Sekunde hizo zikarudiwa, zikarudiwa tena, Wasovieti wakafunga na kushinda 51 kwa 50. Wamarekani wakagoma kuchukua medali za fedha. Januari 2022, katika mechi ya Tunisia na Mali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, refa alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, akaendelea, kisha akapuliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Na katika siasa, uchaguzi wa rais wa Kenya wa tarehe 8 Agosti 2017 ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Aliyefunga daftari lake usiku wa kutangazwa matokeo alilazimika kulifungua. Siku hizi, kwa uchaguzi, siandiki siku ya kutangazwa mshindi. Naandika siku ambayo muda wa rufaa umekwisha.

Asilimia, na kwa nini penalti inasaidia

Watu wengi huipuuza safu hii kwa sababu inawafanya wajisikie wanahesabu mambo yasiyohesabika. Mimi nilifikiri hivyohivyo. Lakini bila asilimia, "nadhani" yako ya Jumatatu na "nadhani" yako ya Ijumaa zinafanana, wakati moyoni moja ilikuwa bahatisho na nyingine ungeweka rehani nyumba.

Mwaka 2016 ulikuwa shule nzuri kwa jambo hili. Mwanzoni mwa msimu ule kampuni za kubeti ziliipa Leicester nafasi ya moja kwa 5000. Tarehe 23 Juni Waingereza wakapiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 kwa 48.1. Novemba Donald Trump akashinda urais wa Marekani ilhali Hillary Clinton alipata karibu kura milioni 2.9 zaidi za wananchi. Mwisho wa mwaka kila mtu alikuwa anasema wataalamu wote ni waongo, nami niliandika hivyo ukurasa wa 14. Kisha nikarudi nikasoma vizuri. Mtandao wa FiveThirtyEight, katika utabiri wake wa mwisho, ulikuwa umempa Trump asilimia 29 hivi. Asilimia 29! Mpigaji penalti wa kulipwa hukosa takriban mara moja katika kila nne au tano. Nafasi ya Trump ilikuwa kubwa kuliko nafasi ya penalti kukoswa, na hakuna shabiki anayezimia kwa mshangao penalti ikigonga mwamba. Tunalaani, tunashika kichwa, lakini tulijua inawezekana.

Tangu hapo kila asilimia ya siasa ninaigeuza kuwa penalti. Nikiandika 80 najiuliza: niko tayari kuona hii ikigonga mwamba na nikabaki na akili zangu?

Ile moja kwa 5000 ya Leicester ni kitu kingine, usiichanganye na utabiri kama ule wa FiveThirtyEight. Ile ilikuwa bei. Imewekwa na mfanyabiashara kwa bidhaa ambayo hakuna aliyetarajiwa kuinunua.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha nilikaa na kikokotoo. Kauli nilizozipa asilimia 60 zilitimia kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Nilizozipa 90 zilikuwa ishirini, na zilizotimia zilikuwa kumi na tatu. Nikazipanga upya nione zile saba zilizoniangusha ni zipi. Tano zilihusu timu ninayoipenda au chama nisichokipenda. Kama hesabu za kampuni zingeniletea mchoro kama ule, ningeomba kumwona mhasibu.

Habari mpya: kwanza panga mafungu

Habari ikiingia, kabla ya kuwa na maoni, igawe mafungu matatu: kilichotokea, kinachosemwa kuwa kimetokea, na ninachotamani kiwe kimetokea. Fungu la tatu ndilo linalokwenda mbio. Tetesi za usajili ni mfano wa wazi, maana kila dirisha la usajili mchezaji mmoja "anakaribia kusaini" katika timu tatu, na shabiki wa kila timu anaamini tetesi ya kwake tu. Tetesi za kuvunjwa baraza la mawaziri hazina tofauti yoyote.

Magazeti makubwa nayo huanguka hapa. Toleo la Chicago Daily Tribune la tarehe 3 Novemba 1948 lilimtangaza Dewey kuwa amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais wa Marekani. Truman ndiye aliyeshinda, na picha yake akilinyanyua gazeti lile huku akicheka kinywa wazi bado inazunguka. Kinachonigusa mimi mkaguzi ni sababu ya kawaida kabisa: wapanga chapa walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mitamboni mapema kuliko kawaida, kura hazijahesabiwa vya kutosha. Haraka ilikutana na imani iliyokuwapo tayari. Ukiona kichwa cha habari kinachokuthibitishia ulichokuwa unaamini, na kimetoka mapema, hapo ndipo pa kusubiri. Mimi nasubiri hadi kesho yake asubuhi, na sijawahi kupoteza kitu kwa kuchelewa usiku mmoja. Mimi si mhariri. Hakuna mtambo unaonisubiri.

Jambo la pili ni kundi lako la WhatsApp. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni mbili, nazo zikasema Landon atashinda kwa raha. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakufanana na waliokaa kimya. George Gallup, kwa kuuliza watu wachache zaidi lakini waliochaguliwa kwa uangalifu, alipatia. Miaka miwili baadaye jarida lile lilikuwa limeshakufa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "kila ninayemjua anamkataa mbunge huyu", mwulize anawajua akina nani. Nimefanya zoezi hili kwa kundi letu la familia: watu 43, na wanaoandika kila siku ni saba, na kati ya hao saba wawili ni mimi na shemeji.

Geuza jezi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, na ndicho kinachouma. Ichukue habari iliyokukasirisha, inakili kwa mkono, lakini badilisha majina: pale palipoandikwa chama chao weka chako, pale pa timu yao weka yako. Kisha isome kwa sauti. Kama hasira imepungua, hukuwa umekasirishwa na kitendo.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na kuna watu waliolipima hilo. Novemba 1951 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilikutana katika mechi ya mpira wa Kimarekani iliyojaa rafu. Nyota wa Princeton alitoka na pua iliyovunjika, na Dartmouth nao walipata mchezaji aliyevunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile ya mechi, wakawaambia wahesabu makosa. Katika ripoti yao ya mwaka 1954, wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Mkanda ni mmoja. Na wale hawakuwa wanadanganya. Kila mmoja aliandika alichokiona.

Nilijaribu nyumbani. Tulirekodi mechi moja, shemeji na mimi, kila mmoja na karatasi yake, tukihesabu rafu ambazo refa hakuziona. Yeye alipata tisa dhidi ya timu yake. Mimi niliona mbili kati ya hizo. Tuliporudia mkanda polepole, nikakubali nne. Alitaka kufika mpaka tano lakini hiyo ya tano mchezaji alijirusha, na hapo sibadiliki.

Kwenye siasa zoezi ni hilohilo, ila huna mkanda wa kurudisha nyuma. Ndiyo maana nasema inakili kwa mkono. Mkono unakwenda polepole kuliko jicho, na jina la chama chako likitokea kando ya neno "ubadhirifu" kwa mwandiko wako mwenyewe, unalisoma.

Matokeo si mchezo

Tarehe 8 Julai 2014, Belo Horizonte, kwenye Kombe la Dunia, Brazil walifungwa 7 kwa 1 na Ujerumani. Kila mtu anakumbuka. Wachache wanakumbuka kwamba Brazil walipiga mashuti mengi zaidi siku ile. Hiyo haimaanishi walicheza vizuri, walisambaratika kabisa katika zile dakika za kipindi cha kwanza. Inamaanisha namba moja haikusimulii mechi, hata namba kubwa kama saba.

Kwenye daftari natenganisha: uamuzi ulikuwa mzuri kwa taarifa zilizokuwapo? Na je, uliishia vizuri? Kocha Claudio Ranieri alisifiwa kama mchawi Mei 2016 na akafukuzwa Leicester Februari 2017, miezi tisa tu. Sidhani alipata akili nyingi mwaka wa kwanza na kuzipoteza zote wa pili. Viongozi wa nchi tunawatendea hivyo pia: tunawasifu kwa mvua, tunawalaumu kwa ukame, na bei ya mafuta ya dunia ikishuka tunasema waziri amefanya kazi. Kabla ya kumpa mtu alama, andika mambo mangapi katika lile tokeo yalikuwa mikononi mwake. Mara nyingi nimejikuta na orodha fupi.

Siasa na mpira vikikutana

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanaanza na kauli ya "tusichanganye michezo na siasa". Ukiisikia, uliza tu nani amechanganya kwanza. Kwa kawaida anayeitamka anakubaliana na siasa iliyokuwapo tayari uwanjani, kwa hiyo haioni.

Chukua Montreal 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi mwaka huohuo. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, ikisema raga si mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi ishirini zikasusia. Tanzania ilikuwamo, na pamoja nayo akabaki nje Filbert Bayi, ambaye Februari 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Pale Montreal, bila Bayi, Walker alitwaa dhahabu kwa 3:39.17.

Niliandika ukurasa mzima juu ya hili, na nilipomaliza nikagundua nimeandika hesabu mbili katika safu moja, kosa ambalo ningemwekea alama nyekundu mteja yeyote. Hesabu ya kwanza: je, kususia kulikuwa sahihi? Naamini ndiyo. Hesabu ya pili: nani alilipa? Aliyelipa ni mkimbiaji ambaye hakuwa amecheza raga na mtu yeyote. Hizi hazifutani. Ukizichanganya utajikuta unakana gharama ili kutetea msimamo, au unauacha msimamo kwa sababu ya gharama. Na kuna sentensi ya tatu ambayo daftari haliipokei kabisa: "Bayi angeshinda." Hakuna siku ya kuifunga. Shemeji huisema kila mwaka, na kila mwaka namwambia aiseme tu, asiiandike.

Miaka minane kabla yake, Mexico City, wakimbiaji weusi wa Marekani Tommie Smith na John Carlos walinyanyua ngumi zilizovaa glovu nyeusi jukwaani baada ya mita 200. Mtu wa tatu jukwaani, Mwaustralia Peter Norman, mshindi wa pili, alivaa beji ileile ya haki za binadamu waliyovaa wao. Nikisoma habari ya maandamano yoyote ya wanamichezo sasa, namtafuta Norman wa habari hiyo: nani mwingine amesimama hapo, na amevaa nini. Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa akipinga ubaguzi wa rangi, mwaka 2016 alianza kwa kukaa kwenye benchi wakati wa wimbo wa taifa; alihamia kupiga goti baada ya kuzungumza na Nate Boyer, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu. Waliobishana kama goti ni kuwadharau wanajeshi, wengi hawakuwa na habari hiyo. Ilikuwapo, imechapishwa.

Maswali ninayoandika pembeni, basi, ni haya. Nani alipiga kura? Uenyeji wa Kombe la Dunia la 2022 uliamuliwa tarehe 2 Desemba 2010 na watu 22 tu, na katika raundi ya mwisho Qatar iliipiku Marekani kwa kura 14 dhidi ya 8. Ukiwa na hasira au furaha na uamuzi ule, elekeza kwa watu 22, si kwa taifa zima. Kanuni ilikuwapo kabla, au imetungwa leo? FIFA na UEFA ziliziondoa timu za Urusi tarehe 28 Februari 2022, siku nne baada ya uvamizi wa Ukraine. Uliunga mkono? Sawa. Basi andika kanuni unayoiunga mkono kwa maneno yasiyo na jina la nchi yoyote, uiwekee tarehe, na vita ijayo ikitokea uifungue ukurasa huo kabla hujafungua mdomo. Mimi nilipoandika yangu nililazimika kuirekebisha mara mbili, kwa sababu kila nilipoitoa majina ilikamata nchi nilizokuwa sitaki ikamate.

Na swali la mwisho, nani yuko nje ya lango? Hili nililijifunza kwa kuumbuka. Tarehe 18 Aprili 2021 klabu 12 kubwa za Ulaya zilitangaza Super League, ligi yao wenyewe ya kujitenga. Niliandika usiku uleule, kwa kalamu ya bluu: "Itaanza ndani ya miaka mitatu. Asilimia 80." Nilifuata fedha, kama nilivyofunzwa kazini. Kufikia Jumanne usiku klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zinajiondoa, mashabiki wakiwa wamejaa nje ya viwanja, serikali na mashirikisho yakiwa yamewaka. Fedha nilizihesabu vizuri kabisa. Watu sikuwahesabu, kwa sababu hawako kwenye leja.

Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kanuni za FIFA na UEFA za kuidhinisha mashindano mapya zilikwenda kinyume na sheria za Umoja huo. Shemeji akanipigia simu. "Fungua ile hesabu, shemeji, unaweza kupona." Nikamjibu kwamba kauli ilisema itaanza, haikusema itaruhusiwa. Aprili 2024 nikaifunga: sikupatia.

Kuzungumza na watu wako

Andika kabla ya kubishana, ukibishana kwanza utaandika ulichotetea badala ya unachoamini. Usijadili siasa saa moja baada ya timu yako kufungwa. Kabla ya kujibu hoja, irudie kwa maneno yako mpaka mwenyewe aseme "ndiyo, hiyo". Hili linachosha na ndiyo faida yake. Na mtu akikuambia hakuna kitu kinachoweza kumbadilisha mawazo, msalimie, mwulizie watoto, mwachane salama.

Mengine nayaacha yapite bila daftari. Kuna mechi ninazozitazama kama shabiki tu, napiga kelele, namtukana refa kimoyomoyo, sihesabu chochote. Siasa sijaweza kuitazama hivyo, lakini nimejiwekea siku moja kwa wiki ya kutosoma habari kabisa, na bado sijakosa jambo lolote.

Kosa langu la karibuni linahusu Liberia. George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, aliingia ikulu Januari 2018. Novemba 2023 alikwenda duru ya pili na Joseph Boakai, na hesabu zilikuwa jino kwa jino. Niliandika: "Weah akishindwa, hatakubali kabla ya matokeo ya mwisho. Asilimia 70." Alikubali tarehe 17 Novemba, kabla ya matokeo ya mwisho kutangazwa rasmi, kwa tofauti ya chini ya pointi mbili za asilimia. Nilipotafuta nilipojikwaa, niliona sikuandika lolote kuhusu Weah. Niliandika kuhusu marais wengine niliowaona wakifanya hivyo, nikambandika yeye jina.

Shemeji alisoma ukurasa huo alipokuja kututembelea, akaucheka kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Alipoondoka akaomba daftari tupu. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wake wa kwanza, safu zimechorwa kwa rula, tarehe iko juu kulia. Kauli: "Shemeji ataacha kuandika kwenye daftari lake." Uhakika: 75. Siku ya kufunga: 31 Desemba.